SOMO: Namna ya kuzitambua tamathali za semi na mbinu za kisanaa bila kukariri orodha

Habarini wadau, hasa nyie wa kidato cha nne mnaojiandaa na mtihani wa Novemba. Nafundisha tuisheni ya Kiswahili huku Ujiji, na kila nikisahihisha pepa nakutana na kitu kile kile: mwanafunzi ana orodha nzima kichwani, anakutajia tashbiha, sitiari, tashihisi, tafsida, mubalagha, kejeli mpaka taniaba bila kukosea herufi, afu ukimpa paragrafu moja tu atafute mifano anakwama, au anabandika jina popote anapoona panafanana. Sio uvivu. Ni kwamba tumezoea kuanza na jina, wakati jina ndo linatakiwa lije mwisho. Kwanza uone sentensi imefanya nini.

Nimetunga kipande kifupi cha mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, ili wote tufanyie kazi kitu kimoja:

"Kibirizi ilishaamka. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya kwenye karai, mitumbwi ikirudi na karabai zilizochoka kukesha. Mwezi ulikuwa umewafukuza wavuvi wiki nzima, leo ndo wamerudi kazini na dagaa hawakutosha watu. Bei! Bei! Bei! Mama mmoja akainua beseni lake akasema, hii leo ni dhahabu. Mteja akamjibu, mama, kwa bei hiyo si bora univue na nguo kabisa? Ndoo ikamteleza kijana mmoja, chubwi! majini. Baba yake hakuwepo, alitutangulia tangu mwezi uliopita. Alipoulizwa habari za nyumbani alisema tu, nyumbani... akaendelea kukunja nyavu."

HATUA YA 1. Soma chote bila kalamu. Uelewe ni nani, wapi, kunatokea nini. Usipoelewa habari yenyewe hutaona tamathali hata moja, kwa hiyo usiruke hapa.

HATUA YA 2. Rudia, safari hii piga mstari kila mahali maneno yanapokataa kuchukuliwa yalivyo. Mwezi hauna mikono wala fimbo, unamfukuzaje mtu? Dagaa sio madini. Karabai haina mwili wa kuchoka. Hapo umeshapata pa kuanzia, ila jina usiandike bado.

HATUA YA 3. Hii ndo somo lenyewe, naomba mtulie. Kila ulipopiga mstari, igeuze ile sentensi iwe ya kawaida kabisa, afu jiulize umepoteza nini. Kile ulichopoteza ndo kazi ya tamathali, na ndo maksi zilipo.

Tuchukue mwezi. Sentensi ya kawaida ingekuwa "wavuvi hawakwenda kuvua kwa sababu ya mbalamwezi". Mtu wa huku Kigoma anajua kwanini: dagaa wanavuliwa usiku wa giza, taa inawashwa, wanafuata mwanga na kujikusanya, nyavu inafanya kazi. Mwezi ukiwa mpevu mwanga unatapakaa ziwa zima, taa inakosa nguvu, watu wanavuta mitumbwi nchi kavu wanasubiri giza lirudi. Ile sentensi ya kawaida inakupa sababu tu. "Umewafukuza" inakupa sababu pamoja na uchungu wake, yani mwezi umekuwa kama bosi mkali anayewatoa watu kazini na nyumbani hakuna unga. Kitu kisicho mtu kimepewa tendo la mtu, hiyo ni TASHIHISI, na unaona jina limekuja lenyewe. Karabai zilizochoka kukesha ni hivyo hivyo, ila pale uchovu ni wa wavuvi, taa imebebeshwa tu.

Twende kwenye kufananisha. Hapo tafuta vitu vitatu: kinachozungumziwa, kilicholetwa kukisaidia, na sifa inayowaunganisha. Ziwa, maji ya kwenye karai, utulivu. Dagaa, dhahabu, uadimu na bei kubwa. Cha kwanza kimeunganishwa na neno "kama" (ingeweza kuwa mithili ya, sawa na, utadhani), hiyo ni TASHBIHA. Cha pili hakina neno la kuunganisha, dagaa wamefanywa kuwa dhahabu moja kwa moja, hiyo ni SITIARI. Ukishindwa kuitaja ile sifa ya tatu ujue bado hujaelewa mfano wako, usiuandike kwenye pepa.

MUBALAGHA ni kutia chumvi, lakini ili ujue kuna chumvi lazima ujue ukweli ukoje. Nikisema Ziwa Tanganyika lina kina kuliko ziwa lolote la Afrika, wapo watakaoandika mubalagha, na hapana, ni ukweli mtupu, kina chake ni kama mita 1,470 na duniani linazidiwa na Baikal ya Urusi tu. Ila nikisema ukidondosha jiwe leo mjukuu wako ndo atasikia limegota chini, hapo nimetia chumvi. Kwenye kipande chetu yule mteja anayetaka kuvuliwa nguo kwa bei ya dagaa anatia chumvi, na wakati huo huo anauliza swali ambalo hategemei jibu, kwa hiyo kuna TASHTITI pia. Sentensi moja inaweza kubeba mbili, usiogope kuzitaja zote ili mradi kila moja uieleze.

TAFSIDA ni "alitutangulia", neno kali limevaliwa nguo ili lisiumize. KEJELI haipo kwenye kipande, ni pale unaposema kinyume ili kumchoma mtu, kama mwenzio kachelewa saa mbili nzima unamwambia leo umewahi kweli. TANIABA ni kumwita mtu kwa jina la mwingine kwa sababu ya sifa zake, na mfano mzuri uko jirani hapo Tabora: msafiri wa kizungu Stanley alipokutana na Mtemi Mirambo wa Urambo mwaka 1876 alimfananisha na Bonaparte, yule jemadari wa Ufaransa, akimwita Bonaparte wa Afrika kwa namna alivyojua vita. Jina moja linabeba sifa zote za jemadari bila kuzitaja.

HATUA YA 4. Rudi mara ya mwisho kutafuta mbinu nyingine za kisanaa, hizi nyingi utaziona kwa macho au kuzisikia kwa sikio. Bei! Bei! Bei! ni takriri, yani neno limerudiwa, na alama ya mshangao inakuonesha nidaa. Chubwi ni tanakali sauti. "Nyumbani..." imeachwa hewani, ni mdokezo. Mambo yakipangwa mfululizo bila viunganishi, mfano alishuka, akalipa, akaondoka, ni mjalizo. Hapa hapachukui muda, ila mdokezo usiupite haraka kwa sababu ukimya wa yule kijana unasema mengi kuliko maneno yake yote.

HATUA YA 5. Andika jibu kwa sehemu tatu: jina, mfano ulionukuliwa, kazi yake. Hivi: "Tashihisi imetumika pale mwandishi anaposema mwezi ulikuwa umewafukuza wavuvi. Mwezi umepewa tendo la binadamu la kufukuza ili kuonesha namna mbalamwezi inavyowakosesha wavuvi kipato." Inatosha. Acheni kuandika "imetumika ili kupamba kazi ya fasihi" kila mahali, jibu hilo linaingia kwenye kitabu chochote kile na halimwoneshi msahihishaji kwamba wewe umesoma hiki.

MASWALI YENU

Mwanafunzi, Kasulu: Shikamoo mwalimu. Kila nikiona "kama" naandika tashbiha lakini ticha wetu ananikata, sielewi kwanini.

Marahaba mwanangu. Neno "kama" lina kazi nyingi. "Kama mvua ikinyesha hatuendi" ni sharti. "Walikuja watu kama hamsini" ni makadirio. "Alifanya kazi kama karani stesheni" inataja cheo, kwa sababu kweli alikuwa karani. Rudi kwenye vile vitu vitatu vya hatua ya 3, kwenye sentensi zote hizo utakosa kitu cha pili cha kufananishia, basi tashbiha haipo.

Mdau, Mwanga: Mwalimu umeruka "Kibirizi ilishaamka". Mimi naona ni tashihisi maana mwalo hauwezi kuamka, au sio?

Nashukuru umeiona. Ukiandika tashihisi na ukaeleza kwamba mahali pamepewa tendo la kiumbe hai, jibu linasimama. Ila angalia vizuri nani kaamka kweli: wachuuzi, wabebaji, wenye mitumbwi. Mahali pametajwa badala ya watu wake, wengine wanaita metonimia. Kwa kidato cha nne baki na tashihisi, kidato cha sita unaweza kuzitaja njia zote mbili ukatoa sababu, maana kule wanapenda kuona unavyofikiri.

Mzazi, Kibondo: Habari mwalimu. Binti yangu hana vitabu vya kutosha, ajifunzie wapi? Na je methali ni tamathali?

Salama mama, pole na majukumu. Mwanzishie na kanga zako za kabatini, asome maandishi yake moja moja na aseme linamsema nani na kwa njia gani, hiyo ni mazoezi tosha ya wiki. Kuhusu methali, kwenye mpangilio wa shuleni inahesabiwa upande wa misemo, nahau na methali, sio tamathali. Lakini ndani yake tamathali inaweza kuwemo. Mchumia juani hulia kivulini, jua pale ni taabu na kivuli ni raha, umeona sitiari imekaa ndani ya methali? Akiulizwa tamathali asiandike methali yenyewe, aichambue.

Mdau, Ujiji: "Kigoma mwisho wa reli" tunalisema kila siku. Ni tamathali gani?

Inategemea nani anasema na kwanini. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914 na kweli inaishia ziwani, kwa hiyo abiria akisema anashuka mwisho wa reli anataja kituo chake tu, hakuna kilichopinda. Lakini mtu aliyehangaika na kesi miaka akasema "sasa nimefika mwisho wa reli" hayuko stesheni, anasema njia zimekwisha. Hiyo ni sitiari. Maneno ni yale yale, muktadha ndo umebadilika, ndo maana mkiletewa mstari mmoja bila habari yake ombeni sentensi za kabla na baada.

Mwanafunzi, Uvinza: Mwalimu nimejaribu wa kwangu, nisahihishie. "Treni ilifika Kigoma ikihema." Ni tashihisi, treni imepewa tabia ya kuhema, ili kupendeza.

Jina sahihi, mfano sahihi, kazi ndo bado. Futa hiyo "ili kupendeza". Igeuze iwe "treni ilifika Kigoma", soma zote mbili kwa sauti, utasikia kilichopotea ni uchovu wa safari, kutoka Dar mpaka hapa ni kama kilomita 1,250. Andika hilo, afu uniletee tena.