SOMO: Kuhamia esptool 5 na kuchoma fyuzi za ESP32 bila kuua bodi

Wakuu, esptool ndiyo programu ya kupakia kazi zetu kwenye chipu za ESP32, na fyuzi (eFuse) ni biti za kudumu ndani ya chipu hizo. Swali la "nimesasisha esptool, skripti yangu imeanza kulalamika" nimelijibu mpaka vidole vimechoka. Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrushia kiungo tu.

1. Jua ulichonacho: `esptool version`. Ikikataa, jaribu `esptool.py version`, hilo ndilo jina la zamani.

2. Python iwe 3.10 kwenda juu. Ukiwa chini ya hapo pip itakuwekea toleo la 4 kimyakimya, kisha utakuja hapa kusema sasisho ni bovu.

3. `python -m venv esp5`, yawashe mazingira hayo, halafu `pip install --upgrade esptool`. Mradi wa zamani unaokwenda vizuri usiuguse, ubakize kwa `pip install "esptool<5"`.

4. Badilisha vistari. `write_flash` sasa ni `write-flash`, `burn_efuse` ni `burn-efuse`, na kiambishi `.py` kimeondoka. Majina ya zamani bado yanapita, ila kwa onyo. Kinachoangusha wengi ni kingine: maandishi yanayotoka kwenye skrini yamebadilika pia. Kama skripti yako inavizia sentensi fulani ili ijue kazi imeisha, itakwama. Tegemea msimbo ambao programu inaurudisha ikimaliza, si maneno yake.

5. Ufunguo wa kusaini, ili chipu ikubali programu zako tu (ndiyo Secure Boot). espsecure na espefuse huja pamoja na esptool: `espsecure generate-signing-key --version 2 --scheme rsa3072 ufunguo.pem`. Nakala mbili, sehemu mbili tofauti, kabla ya kufanya chochote kingine.

6. Saini butiloda (programu ndogo inayoiwasha programu yako) na programu yako kwa `espsecure sign-data`, kisha zikague zote mbili kwa `verify-signature`.

7. Kuchoma fyuzi. Hapa tutulie.

Biti ya fyuzi ikishatoka 0 kwenda 1 hairudi. Hakuna amri ya kuifuta wala mashine ya kuirudisha. Ndiyo maana espefuse hukusimamisha na kukutaka uandike neno BURN kwa mkono wako. Mimi nilikuwa na haraka, nikaweka `--do-not-confirm` ndani ya skripti. Mezani palikuwa na ESP32 mbili: ya majaribio, na ya mteja iliyokwisha kamilika. Jana yake ya majaribio ilikuwa `/dev/ttyUSB0`. Usiku nilichomoa kebo zote, asubuhi nikazirudisha kwa mpangilio mwingine, nikapiga skripti ileile. Taa ya bodi ya mteja ikazima, nikadhani inajiwasha upya. Haikujiwasha.

Muhtasari wa ufunguo (digest, alama fupi inayotokana na ufunguo) ulikuwa umeshaingia BLOCK2, fungu mojawapo la fyuzi, na ABS_DONE_1, fyuzi inayowasha Secure Boot, imechomwa. Tangu hapo chipu inakataa programu isiyosainiwa kwa ufunguo huo. Bado ningeweza kusaini programu ya mteja kwa ufunguo uleule na kuirudisha kwa kebo. Lakini ufunguo huo wa majaribio nilikuwa nimeutengenezea ndani ya `/tmp`, folda ya mafaili ya muda, na nilipozima kompyuta ulikwenda nayo. Bodi ninayo hadi leo, inashikilia karatasi zisipeperuke.

Kwa hiyo:
– Taja `--port` kila mara, na kabla ya kuchoma piga `esptool read-mac` ulinganishe na namba uliyoiandika kwenye kibandiko cha bodi.
– Fanya mazoezi kwa `--virt` pamoja na `--path-efuse-file`. Hapo unachoma faili, chipu haiguswi.
– Soma `espefuse summary` kabla na baada.
– ABS_DONE_1 iwe ya mwisho kabisa.
– Usizuie kusomwa kwa BLOCK2. Ufunguo wa kusimba flashi (kumbukumbu inayobeba programu) ndio unaofichwa. Muhtasari wa ufunguo wa saini lazima chipu iweze kuusoma, la sivyo haitawaka.

MASWALI

solda_moto: Mkuu imenigomea, inasema Wrong boot mode detected (0x13). Nimeharibu fyuzi?

Mwandishi: Hapana. Chipu imewaka kawaida badala ya kuingia hali ya kupokea. Shikilia kitufe cha BOOT wakati inatafuta muunganisho.

haraka_haraka: nipe amri moja ya kufanya yote

Mwandishi: Soma hatua ya 7.

haraka_haraka: nimesoma, nataka ya kukopi tu

Mwandishi: Hujasoma. Mimi nilikuwa na amri moja ya kufanya yote.

binti_saketi: Asante kwa somo. Ingekuwa ESP32-S3 ungeokoka? Nimeona ina nafasi zaidi ya moja za muhtasari.

Mwandishi: Swali zuri, dada. S3 ina nafasi tatu, ESP32 ya kwanza ina moja tu. Kama zile mbili zilizobaki hazijabatilishwa, na download mode (ile hali ya kupokea) haijafungwa, ningechoma muhtasari wa ufunguo mpya na kusaini upya. Ila mlango huohuo uliokufaa wewe unamfaa mwizi naye: akiishika bodi atachoma wa kwake. Kwa hiyo bodi inayokwenda kwa mteja, nafasi usizozihitaji zibatilishe. Na funguo ukitaka mbili, zitengeneze mapema, mmoja ukae mbali na kompyuta ya kazi.

waya_mwekundu: Kwenye Linux mbona usitumie `/dev/serial/by-id` tu? Majina hayahamihami.

Mwandishi: Natumia, ila bodi nyingi zenye CH340 (chipu ya kuunganisha USB) hazina namba ya pekee, mbili zikichomekwa zinagombea jina moja. Kwa hizo chukua `by-path`, inafuata tundu la USB.

waya_mwekundu: Hilo sikulijua. Nami niongeze: wa STM32 (chipu za kampuni nyingine), RDP (ngazi za kuzuia chipu isisomwe) kutoka 1 kurudi 0 inafuta flashi nzima, lakini bado chipu ni yako. Level 2 kwenye nyingi ndiyo basi tena.

avr_mzee: Sisi wa ATmega328P, chipu ya AVR, tuna RSTDISBL, fyuzi inayogeuza pini ya reset kuwa pini ya kawaida. Niliiwasha nipate pini moja ya ziada, nikapoteza njia ya kuingilia.

Mwandishi: Hiyo inarudi, mzee. Tafuta programa (kifaa cha kuandikia chipu) ya volti za juu, inaweka 12V kwenye pini ya reset. Usiitupe.

avr_mzee: Nilishaitupa.