Somo: Kuotesha gegedu ndani ya aljineti, na kwa nini kiunzi kina neno la mwisho

Seli ya gegedu ikikaa kwenye plastiki bapa hutandazika. Ukiihamisha sahani mara kadhaa, huacha kutengeneza kolajeni (protini ya nyuzi inayoipa tishu nguvu) ya aina ya II, ile ya gegedu, na kuanza kutoa ya aina ya I, ile ya kovu. Ndani ya jeli, yaani kiunzi kinachoishikilia, hubaki mviringo na kurudia kazi yake. Anza na aljineti (jeli itokanayo na mwani), maana huyeyushwa tena na seli zikatoka hai.

1. Yeyusha gramu 1.2 za aljineti katika mililita 100 za NaCl 0.15 M, kisha chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22.
2. Changanya seli milioni 4 kwa mililita, taratibu. Mapovu hufanya shanga (matone ya jeli yakishaganda) zielee.
3. Dondosha kwa sindano ya geji 22 kwenye kloridi ya kalsiamu ya milimola 102. Subiri dakika 10.
4. Suuza kwa NaCl ileile. Bafa ya fosfeti usiiguse: huinyang'anya jeli kalsiamu, shanga zikalegea.
5. Tunza kwa nyuzi 37, CO2 5%. Badilisha lishe (kioevu cha kulishia seli) kila siku 2 au 3, vitamini C isikosekane (mikrogramu 50 kwa mililita), la sivyo kolajeni haisukiki imara.
6. Kuvuna seli, yeyusha shanga kwa sitreti ya sodiamu ya milimola 55.

Ukihamia agarosi (jeli nyingine ya mwani) ya 2%, iache ipoe hadi nyuzi 40 hivi kabla ya kutia seli. Jeli ya kolajeni ina tabia nyingine: seli huishika na kuivuta, kipande kikanywea. PGA (asidi ya poliglikoliki, plastiki inayooza) huoza haraka na asidi yake hushusha pH.

Swali: Mkuu, seli za katikati ya shanga zinakufa, za ukingoni nzima. Shida nini?
Jibu: Tone ni kubwa mno au seli zimesongamana. Chakula hupenya chenyewe polepole, na wa nje hula kwanza. Punguza tone, tikisa sahani polepole.

Swali: Kipimo cha DMMB (rangi ya buluu) kinasoma protioglikani, zile molekuli kubwa za gegedu zenye chaji hasi, hata kwenye shanga tupu!
Jibu: Aljineti nayo ina chaji hasi, hivyo hushika rangi. Shusha pH ya rangi hadi 1.5, tia aljineti kwenye sampuli za viwango pia, na utoe usomaji wa shanga tupu za umri uleule.

Swali: Protioglikani zipo, mbona kipande bado laini?
Jibu: Kikate ukipake Safranin O, rangi nyekundu inayoshika protioglikani. Wekundu ukizunguka kila seli peke yake, jeli imebana: molekuli kubwa hazipiti, hivyo tishu haijaungana. Punguza ukolezi wa jeli, au tumia inayooza kadiri tishu inavyojaa.