Kuihudumia Ndege Yenye Hitilafu: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Mnara wa Kuongozea Ndege, Kisauni, Unguja

Rubani akitamka "Mayday" mara tatu, ndege yake imo hatarini na anahitaji msaada papo hapo. Akitamka "pan-pan" mara tatu, ana jambo la haraka lakini maisha bado hayajatishiwa. Tatizo ni kwamba marubani wengine hawatamki lolote kati ya hayo, bali husema tu, kwa sauti tulivu, kwamba injini haiendi vizuri au mafuta yanapungua. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca iliishiwa mafuta karibu na New York na watu 73 wakafariki. Marubani walikuwa wameeleza kuwa mafuta yanakwisha, ila hawakutangaza dharura. Kwa hiyo, ukiingiwa na shaka, uliza waziwazi: "Je, unatangaza dharura?"

Ukishamjibu rubani kwamba umemsikia, andika saa, kisha muulize anakusudia kufanya nini. Idadi ya waliomo ndani na mafuta yaliyobaki, kwa dakika, vinahitajika pia, lakini visubiri mpaka apate nafasi ya kupumua. Ndege ya injini moja iliyozimikiwa juu ya mkondo baina ya Unguja na Dar es Salaam inashuka kila sekunde, na swali lisilo la lazima linamnyang'anya rubani muda anaouhitaji kutafuta pa kutua. Usimbadilishie masafa ya redio pasipo sababu, waamuru wengine wanyamaze, na uwaondoe njiani mwake. Nadhani ukimya huo ndio msaada mkubwa kuliko wote tunaoweza kumpa.

Waite zimamoto ndege ikiwa bado angani. Kiwango cha kimataifa kinataka gari la kwanza lifike popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika 3, na dakika hizo ni nyingi mno kwa moto wa mafuta. Gari linalosubiri pembeni mwa njia limeshaziokoa. Waeleze aina ya ndege, hitilafu, idadi ya watu, mafuta na mizigo ya hatari iliyomo. Panapokuwa na uwezekano wa kuangukia baharini, waarifu waokoaji wa majini mapema na uwape mahali ndege ilipoonekana mara ya mwisho, kwani mawimbi hayabakishi alama.

Hitilafu ya magurudumu inahitaji uangalifu wa pekee. Rubani ambaye taa yake ya magurudumu haikuwaka anaweza kuomba apite chini karibu na mnara ili umtazamie. Chukua darubini, hesabu mguu mmoja mmoja, kisha sema: "Magurudumu yanaonekana yameshuka." Usiseme kamwe kwamba yamefunga, kwa sababu kufuli ya mguu wa ndege haionekani kwa darubini, na rubani anaweza kutua akitegemea neno lako.

Redio ikinyamaza, na rubani akaweka kwenye kifaa chake cha kujitambulisha kwa rada namba 7600, ya redio iliyoharibika, badala ya 7700 ya dharura, shika taa ya ishara. Kijani isiyokatika humruhusu kutua. Nyekundu isiyokatika humtaka apishe na aendelee kuzunguka. Nyekundu inayowaka na kuzima humwambia kuwa uwanja si salama, asitue.

Kisauni ina njia moja tu ya kurukia, yenye urefu wa takriban mita 3,000, na ndege iliyopasukiwa na mpira inaweza kuifunga yote. Kabla haijagusa ardhi, zijulishe ndege nyengine zinazokaribia ili ziamue mapema kuzunguka au kuelekea Dar es Salaam. Pemba, ambako njia ni takriban nusu ya hiyo, haizifai ndege kubwa. Ndege ikishasimama, usimhimize rubani kuondoka njiani, maana breki zinaweza kuwa zimeshika moto. Hata ikishaondolewa, usiruhusu ndege nyengine kutua mpaka njia ikaguliwe kwa macho, vipande vya mpira na chuma viokotwe, na saa ya kufunguliwa tena iandikwe kwenye kitabu cha zamu.