Kufundisha "I like" kwa kikapu cha sokoni

Mimi nafundisha Kiingereza darasa la tatu, na somo la chakula naanza na kikapu, si kitabu. Naweka embe, bamia, maandazi, na dagaa wachache kwenye karatasi. Mtoto akioneshwa picha ya tufaha na piza atakariri tu. Akinusa dagaa, ana la kusema.

Nashika embe, natabasamu: "I like mangoes." Nashika bamia, nakunja uso: "I don't like okra." Rudia mara tatu nne, kisha mwachie mtoto kikapu achague mwenyewe. Akisema "I not like", usimkatishe. Mrudishie sentensi sahihi kwa upole: "Oh, you don't like okra!"

Pagumu ni kwenye majibu. Ukimuuliza kwa Kiswahili, "Hupendi bamia?" atajibu "Ndiyo", yaani umesema kweli, hapendi. Kwa Kiingereza jibu hilo linageuka: "No, I don't." Watoto wengi hukwama hapo, na kosa si lao. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo siulizi "Don't you like" hata kidogo. Nauliza "Do you like okra?" Anayesema "Yes, I do" anakimbilia mlangoni, wa "No, I don't" dirishani.

Nakusihi jambo moja: usiwaulize wamekula nini asubuhi. Wapo waliokuja bila kutia kitu mdomoni. Waulize wanachopenda. Kipindi kikiisha, yale maandazi yakate vipande, kila mmoja apate.