Barabara ya mtaa inazama kila mvua: chokaa, simiti ama molasi?

Mvua ya Aprili ikiisha watu wa esteti wanachanga, lori za murram zinamwagwa, ikifika Novemba murram yote imemezwa. Kama uko Syokimau, Ruai ama Embakasi unaujua huo udongo mweusi, bleki kotoni, unafura ukipata maji na kupasuka jua likiwaka, hata umwage lori ngapi unalisha tope tu.

Anza na udongo wenyewe. Lowesha kiasi, viringisha kwa kiganja. Ukitoka kamba nyembamba bila kukatika, huo ni mfinyanzi, dawa yake ni chokaa. Ukimeguka na una changarawe ni murram, hapo simiti. Simiti kwa bleki kotoni mbichi ni pesa ya bure, mabonge hayavunjiki, inashika nje tu.

Chokaa mara nyingi ni asilimia 4 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu, ingawa sampuli ipelekwe maabara kwanza. Kwa leya (tabaka la udongo unaochanganya) ya milimita 150 ni kama kilo 10 kila mita mraba, yaani mfuko wa kilo 25 unatosha mita mraba 2 na nusu hivi. Ipange mifuko chini kwa hesabu hiyo KABLA ya kuipasua, la sivyo vijana watamwaga yote hapo getini na kule mwisho mpate vumbi la mkono. Chimbua, changanya, weka maji, acha ilale, kesho yake changanya tena ndio upige rola, halafu juu uweke murram. Na tafadhali glavu na miwani, chokaa kwa jicho si mchezo.

Simiti kwa murram ni asilimia 3 hadi 5, na haingoji mtu: maji yakigusa mna kama saa 2 rola iwe imemaliza. Finya udongo kwa ngumi, ushikane, ukiuvunja utoke vipande viwili. Ukiacha tope mkononi maji yamezidi. Kisha siku 7 funika na nailoni ama mwagia maji, gari isipite, hata ya chairman.

Molasi ya viwanda vya sukari inatuliza vumbi kiangazi lakini mvua inaiosha, na usiichanganye na simiti, sukari inaizuia kushika. Majivu ya miwa yanasaidia chokaa, ila yawe yamepimwa.

Mtaro uchimbwe mwanzo, uende chini kuliko leya yako. Fundi akisema mtaro mtafanya baadaye, tafuta mwingine.