Jicho la Paka Linapotoa Tongo: Pima Kwanza, Dawa Baadaye

Mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yaliingia Mombasa, na nyumba nyingi zikabaki na vichupa vya dawa vilivyotumika nusu. Mpaka leo naletewa vichupa hivyo kliniki, pamoja na paka. Kijana mmoja wa Mji wa Kale alikuja na paka wake ndani ya kikapu cha ukindu. "Daktari, nyanya amemtia hii siku tatu. Wekundu ulipungua, lakini sasa jicho halifunguki."

Nikasoma kichupa: deksamethasoni. Hiyo ni steroidi. Hufuta wekundu, lakini huku inaangusha kinga ya jicho, na virusi vya hepesi ya paka, vinavyoshambulia macho na pua, vinabaki kuila konea, kile kioo kilicho mbele ya mboni. Basi nitakueleza ninavyofanya mimi, kwa mpangilio wangu, ujue lipi unaliweza nyumbani na lipi uniachie.

Hatua ya 1: Mtazame kabla hujamshika

Mwache atembee chumbani. Anapiga chafya? Anafumba jicho moja au yote mawili? Paka anayekaza kope ana maumivu, na maumivu ya jicho mara nyingi ni kidonda. Chafya, makamasi na macho yote mawili kutoa tongo hunipeleka kwenye hepesi ya paka. Nikiona vidonda vya ulimi, mate yanayoning'inia au kuchechemea, nafikiria virusi vya kalisi. Jicho moja likianza peke yake, nyama ya ndani ya kope ikavimba kama puto na chafya ni chache, nashuku klamidia, ambayo ni bakteria wala si virusi, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Watu huniuliza kama wataambukizwa. Hepesi ya paka haimwingii binadamu, na macho mekundu ya 2024 hayakutoka kwa paka. Ila nawa mikono, kwa sababu mikono yako ndiyo itakayompelekea paka wa pili.

Hatua ya 2: Mfunge kwa leso

Tandika leso mezani, mweke paka katikati, kichwa kikitokeza kwenye pindo. Leta upande wa kulia juu ya mgongo, uupenyeze chini ya tumbo, kisha upande wa kushoto juu yake. Miguu yote minne iwe ndani. Acha nafasi ya kidole kimoja shingoni. Leso iliyochakaa ndiyo nzuri, mpya inateleza.

Hatua ya 3: Safisha

Chemsha maji, yapoe, utie nusu kijiko cha chai cha chumvi, kiwe sawasawa bila mlima, kwa mililita 250. Loweka pamba na uiweke juu ya tongo lililoganda kwa dakika moja mpaka lilainike. Usilibandue likiwa kavu, utang'oa na manyoya. Futa kutoka pembe ya puani kwenda nje, pamba moja jicho moja, kisha itupe. Chai ya rangi na maziwa ya mama, ambavyo bado naambiwa vinatibu, viacheni.

Hatua ya 4: Rangi

Hii ndiyo sehemu niliyotaka usome. Natumia karatasi nyembamba yenye rangi ya fluoreseini. Nailowesha kwa tone moja la maji ya chumvi, naigusisha ndani ya kope la chini bila kugusa konea, namwacha apepese, kisha naosha. Nafunga dirisha, nawasha taa ya buluu. Konea isiyo na jeraha haishiki rangi. Palipochubuka panang'aa kijani.

Kidonda cha hepesi kina umbo lake. Si mkwaruzo kama wa ukucha wa paka mwenzake. Ni vijistari vinavyogawanyika na kugawanyika tena, kama vijito vinavyobaki kwenye tope la hori ya Tudor, hapa Mombasa, maji yakipwa. Nikiviona hivyo sihitaji maabara. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya virusi, kipo, lakini paka wengi hubeba virusi hivi bila kuumwa, kwa hiyo jibu la "vipo" peke yake halinithibitishii kwamba ndivyo vinavyomuumiza leo.

Yule wa kikapuni aling'aa kijani karibu nusu ya konea.

Hatua ya 5: Dawa

Dawa ya virusi ninayoitegemea ni famsiklovia ya kumeza, miligramu 90 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Paka wa kilo tatu anakaribia kidonge kimoja cha miligramu 250. Ni dawa ya binadamu na bei yake inauma, nawaambia wenye paka mapema. Kwa bakteria wanaodandia kidonda natumia marhamu ya tetrasaiklini mara tatu au nne kwa siku. Klamidia hutibiwa kwa doksisaiklini kwa wiki nne, na kila kidonge kifuatwe na mililita tano za maji, kwani kikikwama kooni kinaunguza.

Usimpe asiklovia ya vidonge wala valasiklovia. Hiyo ya pili inaua paka. Panadoli nayo inaua, hata kipande. Vidonge vya laisini vilivyosifiwa miaka mingi sivipendekezi tena, tafiti hazikuonyesha faida.

Hatua ya 6: Chakula

Paka asiyenusa hali. Chemsha samaki, mpe akiwa vuguvugu, bila kitunguu, kwa kuwa kitunguu ni sumu kwake. Akipitisha siku mbili bila kula mlete, ini lake haliwezi njaa ndefu.

Hatua ya 7: Rudi

Baada ya siku tatu narudia rangi. Doa jeusi au la kahawia kwenye konea, au jicho kugeuka maziwa ghafla, usingoje siku ya miadi. Vivyo hivyo mtoto wa paka ambaye kope hazijafunguka na zimetuna: ndani kuna usaha, na lazima zifunguliwe siku hiyohiyo.

Paka akipona, virusi vya hepesi havitoki. Vinajificha kwenye neva na kuamka akipata msukosuko: kuhama nyumba, kuzaa, paka mgeni. Takriban wiki moja baadaye chafya inarudi. Chanjo haizuii kuambukizwa, ila inapunguza makali. Anza wiki ya 6 hadi ya 8, rudia kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Sahani na matandiko yaoshwe kwa klorini iliyozimuliwa. Nje, virusi hivi havimalizi siku moja.

Yule paka wa Mji wa Kale alimeza famsiklovia wiki tatu. Jicho halikutolewa, lakini limebaki na kovu la kijivu upande wa nje. Kijana ananiambia ukimpungia mkono upande huo hakuoni, ila samaki anamwona.