Jinsi ya kutengeneza ubao wa chaki wa kufundishia nyumbani, na kuutunza usiachwe na madoa

Jirani yangu anawafundisha watoto wake wawili nyumbani, na majuzi tulikaa pamoja kuunusuru ubao aliotengenezewa na fundi. Ulikuwa mweusi, fremu imenyooka, lakini chaki ilikuwa inateleza juu yake bila kuacha alama. Na pale ilipokubali kushika, haikufutika. Irabu za siku ya kwanza, a e i o u, bado zilisomeka chini ya kila kilichoandikwa baadaye.

Nimefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi na nimepaka mbao nyingi, za shule na za majumbani. Karibu kila ubao mbaya niliokutana nao ulikuwa na kasoro moja kati ya hizi mbili: uso wake unang'aa, au uliandikwa kabla haujalishwa chaki, yaani kabla ya kusuguliwa unga wa chaki uso mzima. Weusi wa rangi ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Mtoto anayejifunza kuumba herufi anahitaji uso unaoishika chaki kidogo, unaoonyesha mstari mwembamba, na unaofutika ukabaki safi. Hayo yote hutoka kwenye maandalizi.

Vifaa

Karatasi nzima ya plaiwudi au MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) ni futi 4 kwa futi 8. Kwa nyumbani inatosha kipande cha futi 4 kwa futi 3. Ukipata mwenzako wa kuchangia, karatasi moja inatoa mbao mbili za namna hiyo, na kinabaki kipande cha futi 4 kwa 2 ambacho nitakieleza mwishoni.

Mimi huchagua MDF ya milimita 9. Uso wake hauna nyuzi za mti, kwa hiyo chaki haipiti kwenye vijifereji. Adui yake ni maji: kingo zikilowa huvimba na hazirudi tena. Kama nyumba inavuja, au ubao utakaa barazani, chukua plaiwudi ya milimita 9 au 12 na uchague uso usio na vifundo. Hadibodi ya milimita 3 ni rahisi lakini hunesa mtoto akiandika, na hubonyea katikati baada ya muda. Ukiichukua, ipigilie juu ya fremu yenye mbao mbili za kukingama nyuma.

Vingine: msasa namba 120 na namba 220, andakoti (rangi ya kutangulizia), rangi ya ubao nusu lita, rola ndogo ya sponji, kitambaa cha pamba, na boksi la chaki nyeupe. Mbao za inchi 1 kwa 2 za fremu, na gundi ya mbao.

Kuhusu rangi. Katika hadiwea kubwa utakuta rangi ya ubao yenyewe, imeandikwa hivyo kwenye kopo. Nunua hiyo. Usikubali kuuziwa rangi nyeusi ya mafuta ya kupaka mageti kwa maelezo kwamba "ni ileile". Ile imetengenezwa ing'ae, na ndiyo iliyokuwa kwenye ubao wa jirani yangu. Isipopatikana, tengeneza hivi: kikombe kimoja cha rangi nyeusi ya maji isiyong'aa, na vijiko 2 vya chakula vya unga wa kujazia maungio ya vigae, ule laini usio na mchanga. Chekecha unga kwa chujio la chai, tia kidogo kidogo huku unakoroga mpaka mabonge yaishe. Unga huo una saruji ndani yake, kwa hiyo changanya kiasi cha koti moja la rangi tu, kipake papo hapo, maana kikikaa huanza kuganda. Vaa glavu na watoto wakae mbali.

Jambo moja nalikataa kabisa. Shule nyingi zimezoea kupaka mbao kwa unga mweusi wa betri za redio na tochi, au mkaa uliotwangwa pamoja na majani mabichi. Mkaa na majani havidhuru sana, ila huchuja na kuwachafua watoto nguo. Unga wa betri ni jambo jingine. Ule weusi ni madini ya manganizi yaliyochanganywa na kaboni na chumvi kali, na manganizi ikivutwa kama vumbi kwa muda mrefu hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Kila ukifuta ubao ule, mtoto anauvuta. Usiupake nyumbani kwako, hata kama wewe ulisomea ubao wa namna hiyo.

Hatua ya 1: Kata na upige msasa

Kateni hukohuko dukani au kwa seremala, mashine hunyoosha kuliko msumeno wa mkono. Piga msasa 120 uso mzima na kingo, kisha 220. Mashimo yazibe kwa vumbi la mbao lililokandwa na gundi, yakauke, yapige msasa tena. Futa vumbi lote.

Hatua ya 2: Andakoti, mbele na nyuma

Paka andakoti pande zote mbili na kwenye kingo. Wengi huacha nyuma kwa sababu haionekani. Upande uliopakwa hauvuti unyevu, ule mtupu unavuta, na baada ya masika moja ubao umepinda kama ngozi iliyoanikwa juani. Kwenye kingo za MDF paka mara mbili. Ikikauka, pitisha msasa 220 kwa wepesi.

Hatua ya 3: Rangi

Koroga. Nasema hivyo kwa sababu kile kinachoifanya rangi ya ubao ising'ae ni unga uliotulia chini ya kopo. Ukifungua na kuchota juujuu, unapaka rangi inayong'aa huku kopo linasema vingine, na mabaki ya chini yanakuwa mazito kama ugali. Ingiza kijiti kipana mpaka chini, kwangua kitako, inua, koroga tena. Dakika tano si nyingi. Katikati ya kazi rudia.

Laza ubao juu ya meza au viti viwili, usiupake ukiwa umesimama. Tumia rola, si brashi. Brashi huacha mistari, na mistari hiyo ndiyo inayotunza unga wa chaki. Koti la kwanza jembamba, ukienda kulia na kushoto. Liache likauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, msasa 220 mkono mwepesi, futa vumbi. Koti la pili juu kwenda chini. Kwa kawaida mawili yanatosha. La tatu lipake kama bado unaona andakoti.

Ukimaliza, washa tochi ya simu uilaze karibu kabisa na uso wa ubao. Mahali panapong'aa kuliko pengine patajitokeza. Pasugue kwa msasa na upake upya sasa, kabla ya kwenda mbele.

Hatua ya 4: Kusubiri, na kulisha ubao chaki

Hapa ndipo kazi huharibika, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta hewa. Ngozi ya juu hukauka kwa saa chache na mkono ukigusa haushiki rangi, lakini chini bado ni laini. Ukiandika wakati huo, chaki inachimba. Huoni kitu siku ile. Unafuta, unaandika tena, na baada ya wiki unagundua kwamba maneno ya kwanza yamechorwa ndani ya rangi yenyewe. Hakuna maji wala sabuni itakayoyatoa.

Subiri siku 3 kamili kwenye hewa kavu. Mwambao, au msimu wa mvua popote pale, subiri wiki. Uweke chumba chenye hewa inayopita, mbali na jiko la kuni na mafuta. Usiuanike kwenye jua kali ili kuharakisha, maana juu hukaza haraka na chini hubaki bichi zaidi. Kipimo ni hiki: bonyeza ukucha kwenye kona. Ukiacha alama, bado. Na kama ukisogeza pua bado unasikia harufu ya rangi, bado pia. Rangi ya maji uliyochanganya mwenyewe hukauka upesi kuliko ya mafuta, lakini hiyo nayo ipe siku 3.

Ikishakomaa, usiandike. Uso wa rangi isiyong'aa una vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Neno la kwanza utakaloandika litajaza vitundu vya mahali pale tu, na unga ule hautatoka. Dawa ni kuvijaza vyote kwa pamoja, ili uso mzima uwe sawa na pasiwe na neno linalojitenga.

Chukua chaki nyeupe, ivunje vipande viwili, ulaze kipande ubavu. Sugua kutoka juu mpaka chini, mstari ukigusana na mstari, ubao mzima. Kisha rudia kulia kwenda kushoto. Kona na kingo zisisahauliwe, watu huziacha na baadaye ndizo zinazobaki na vivuli vya maandishi. Ubao wa futi 4 kwa 3 unaweza kula chaki 2 au 3. Mwisho wake uwe mweupe wote, usione weusi popote.

Halafu chukua kitambaa kikavu uusugue uso huo kwa mduara, ukiuingiza unga ndani, ndipo ufute kutoka juu kwenda chini. Ubao utabaki na rangi ya kijivu kidogo. Hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa. Rudia zoezi zima mara ya pili.

Tahadhari zake ni hizi. Usitumie chaki ya rangi kulishia, hasa nyekundu na bluu, rangi yake hubaki. Usifute kwa maji katika hatua hii, utatoa ulichoingiza. Chaki ikilia au ikikwaruza, ina punje ngumu ndani. Itupe uchukue nyingine, kwa sababu mkwaruzo mmoja utauona daima. Fanya kazi hii nje, na ufunge kitambaa puani, hasa ukiwa na pumu. Watoto wakililia kuandika, wape wao kazi ya kusugua. Wanaipenda, na mikono yao inazoea chaki.

Mwisho, andika neno moja kwenye kona, liache lilale, asubuhi ulifute kwa kitambaa kikavu. Likiondoka lote, ubao uko tayari. Kikibaki kivuli, lisha tena.

Na kama ubao wako tayari umeharibika kama wa jirani yangu? Osha mafuta na uchafu, uache ukauke kabisa. Piga msasa 220 uso mzima mpaka mng'ao wote ufe, si pale palipo na maandishi tu. Futa vumbi, paka makoti mawili ya rangi ya ubao, kisha rudi kwenye kusubiri. Kama ni ubao wa zamani usiojua ulipakwa rangi gani, usiusugue kwa msasa mkavu ndani ya nyumba. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Lowesha msasa, fanyia nje, watoto wasiwepo.

Hatua ya 5: Mistari ya mwandiko

Kwa mtoto wa kusoma, kuandika na kuhesabu, gawa ubao. Nusu ya kushoto piga mistari, ya kulia iache wazi kwa hesabu na picha. Mistari ya kudumu ipake kwa rangi ya kijivu au ya njano na brashi nyembamba, ukiongozwa na utepe wa karatasi wenye gundi wa mafundi rangi, kabla ya kulisha chaki. Nyeupe usitumie, itachanganyika na maandishi. Acha sentimita 5 kati ya mstari na mstari kwa anayeanza.

Wako wanaoloweka chaki kwenye maji ya sukari ili mistari isifutike upesi. Inafanya kazi kwa siku kadhaa, lakini sisimizi wataijua kabla yako.

Hatua ya 6: Kuutundika

Fremu, skrubu, ukutani. Ukingo wa chini uwe sentimita 60 hivi kutoka sakafuni kwa mtoto wa miaka 5 hadi 7. Dirisha liwe ubavuni mwa ubao, lisiutazame uso kwa uso. Ukuta wa udongo, acha nafasi nyuma na ukague mchwa.

Matunzo

Kila siku futa kwa dasta kavu, juu kwenda chini. Dasta nzuri hutokana na kipande cha blanketi kuukuu kilichopigiliwa kwenye kibao. Kikung'ute nje, usikipige ukutani kwako. Mara moja kwa wiki futa kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa mpaka kisidondoshe, baada ya kufuta kikavu kwanza. Ukianza na maji juu ya unga mwingi unatengeneza tope jeupe. Acha ukauke kabla ya kuandika, kwani chaki juu ya ubao mbichi huganda ikashika. Kila baada ya kuosha, lisha chaki upya, mara moja inatosha.

Mafuta ya taa, mafuta ya kula na sabuni ya unga visiuguse. Kalamu za wino na krayoni pia.

Chaki ikianza kuteleza katikati ya ubao, pale mikono inapopita zaidi, msasa mwepesi na koti moja la rangi vinaurudisha. Kwa hiyo usitupe rangi iliyobaki: funga kopo kwa nguvu, andika tarehe juu yake.

Kile kipande cha futi 4 kwa 2 kilichobaki kikate viwe vibao 8 vya futi moja kila upande. Zungusha kona kwa msasa, vipake na kuvilisha pamoja na ubao mkubwa, rangi ya kopo moja la lita inatosha kwa mbao zote mbili na vibao. Mtoto mmoja akiwa ubaoni, mwingine anaandika ba be bi bo bu mapajani mwake.